Je, Kuiita Habari "Njama" Kunatosha Kuikanusha?

Ndugu msomaji, yamkini umewahi kuuliza juu ya jambo fulani la serikali au la matabibu, ukajibiwa kwa maneno machache tu: "Hizo ni hadithi za njama." Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini aliyekujibu hakuonyesha kwamba habari ile ni ya uongo. Ameipa jina tu, na jina si hoja.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi 600 karibu na mji wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Kumbe shabaha ilikuwa kutazama jinsi kaswende isiyotibiwa inavyomharibu mtu mpaka anakufa, kisha maiti yake ipasuliwe. Hata penisilini ilipojulikana kuwa ndiyo dawa, katika miaka ya 1940, wao walinyimwa. Mambo yaliendelea hivyo miaka 40, mpaka magazeti yalipoyafichua Julai 1972. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997.

Sasa fikiri: lau mkulima mmoja wa huko angalisema mwaka 1950 kwamba madaktari wa serikali wanamwacha afe makusudi, nani asingalimcheka? Na ajabu ni kwamba ripoti za uchunguzi huo zilikuwa zikichapwa katika majarida ya udaktari tangu 1936!

Wewe unayeichunguza dini waijua hali hii. Umekwisha kuambiwa, "Usisome vitabu vya wale, ni wapotofu," wala hukuonyeshwa upotofu wenyewe. Katika sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamuru tuipeleleze habari aletayo mtu mwovu, hakutuamuru tuicheke. Tena anayechekwa kwa swali la haki haachi kuuliza. Humwendea yule asiyemcheka, hata akiwa ni mwongo.

Ndivyo ilivyokuwa katika habari ya UKIMWI. Julai 1983 gazeti la Patriot la India lilichapa barua isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba ugonjwa huo ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara ya kijeshi ya Fort Detrick. Habari ikaenea mpaka Afrika. Wako waliosema: waliofanya ya Tuskegee watashindwaje na hili? Hofu yao inaeleweka, lakini hoja ni pungufu. Dhambi ya kwanza yathibitisha kwamba mtu aweza kutenda dhambi. Haithibitishi kwamba ametenda na ya pili.

Basi tuipeleleze. Ya Tuskegee ina nyaraka, majina na tarehe. Hii ina barua isiyo na mwenyewe. Damu iliyotolewa Kinshasa mwaka 1959 imekutwa na virusi vya UKIMWI, na wakati huo hapakuwapo duniani ufundi wa kuunganisha chembe za urithi, ulioanza miaka ya 1970. Wataalamu wamefuatilia nasaba ya virusi hivyo hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kamerun. Na mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri kwamba majasusi wa Kisovieti ndio walioieneza habari ile.