Flashi ya Chama

Mwaka huu nilichaguliwa katibu wa Chama cha Kiswahili, nikakabidhiwa flashi yenye insha, mashairi, na vitendawili ambavyo wanachama walikusanya kwa nyanya na babu zao wakati wa likizo. Siku moja niliichomeka kwenye kompyuta, nikaulizwa kama nataka kuifomati. Bila kufikiri nikabonyeza ndiyo. Kufungua, wapi! Tupu. Na kwa vile ilikuwa tupu, nikaitilia nyimbo 3 za kusikiliza.

Mwalimu wa kompyuta alipopata habari alishika kichwa. "Wewe, usiandike kitu kingine humo! Itoe sasa hivi."

Alinieleza kwa mfano wa rejista ya darasa. Ukifuta jina la mwanafunzi kwenye rejista, yeye bado ameketi kwenye dawati lake, ila hataitwa, na mgeni akija ataonyeshwa dawati lile lile. Flashi nayo ina rejista ya majina ya faili na mahali zilipo. Katika mfumo wa FAT, faili ikifutwa, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa alama E5, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi. Yaliyomo hayaguswi. Kufomati kwa haraka nako huanzisha rejista mpya tu. (Diski za SSD ni kesi nyingine: nyingi hufagia kabisa nafasi iliyoachwa, na hapo ndugu yangu, imekwisha.)

Tulitumia PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Pacha wake, TestDisk, hujaribu kuitengeneza rejista iliyoharibika. PhotoRec haina habari na rejista. Hupita dawati kwa dawati ikitazama sare. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. PDF huanza na %PDF. Hati ya docx huanza na PK, kwa kuwa ndani yake ni faili ya ZIP, na herufi hizo ni za Phil Katz aliyeibuni ZIP. Vilivyopatikana tulivihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye flashi, maana kuandika humo ni kukalisha wageni wengine.

Zilirudi bila majina yake, f0034816.docx na kadhalika, ikabidi tufungue moja moja tukiulizana, "Hii ni ya nani?" Insha zote zilipatikana, mashairi pia.

Hati moja hatukuiona: vitendawili ambavyo mwenzetu wa Kidato cha Pili alipewa na nyanya yake. Nyimbo zangu zilikuwa zimeketi pale. Nyanya huyo alifariki mwezi wa Aprili.

Nilimwendea nikamwambia mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akaomba kalamu. Alivyokumbuka ni 9, navyo vimo katika ukurasa unaofuata.