Uyoga wa Vichuguu na Tatizo la Kuuainisha

Mvua za kwanza zinyeshapo, watoto wengi wa vijijini hujua ni vichuguu vipi vya kukagua. Uyoga uchipukao hapo ni chakula cha tangu zamani; hata hivyo katika vitabu vya sayansi ulikaa karibu miaka 100 bila makao yake wenyewe. Mwaka 1847 Mwingereza Berkeley alieleza spishi moja kutoka Sri Lanka na kuiita Agaricus eurrhizus, kwani siku hizo karibu kila uyoga wenye mapezi chini ya kofia ulitiwa katika jenasi hiyo. Mnamo 1942 Mfaransa Roger Heim aliunda jenasi mpya, Termitomyces, yaani kuvu ya mchwa.

Sifa zake ni mbili kubwa. Vumbi la spora zake ni la rangi ya waridi. Tena shina hushuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye sega ambalo mchwa hulijenga kwa kinyesi chao kilichojaa mabaki ya mimea. Kuvu hulainisha mabaki hayo, nao mchwa hula sega pamoja na kuvu yenyewe.

Lakini Termitomyces microcarpus, ule mdogo utokeao kwa mamia, hauna mzizi. Huota juu ya vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Kwa sababu hiyo mwaka 1945 Singer aliutenga katika jenasi ya Podabrella. Ulinganisho wa DNA uliofanywa mwanzoni mwa karne hii uliurudisha nyumbani: ni ndugu halisi wa wenye mizizi. Rangi nayo si kiongozi wa kutegemewa, maana katika familia ya Lyophyllaceae, inamowekwa jenasi hii leo, wengi wana spora nyeupe.

Ng'ambo nilikosomea niliwahi kupewa vielelezo vikavu vilivyokatwa usawa wa ardhi. Havikunifaa kitu. Basi mwanafunzi achimbe taratibu mpaka sega, aandike alichokiona, kisha alaze kofia juu ya kioo usiku kucha apate vumbi la spora.

Vumbi likiwa la kijani, huenda ni Chlorophyllum molybdites, wenye sumu. Likiwa la waridi, lisihesabiwe kuwa ruhusa ya kula: baadhi ya Entoloma wana rangi hiyo hiyo, nao hudhuru. Mwalimu asikubali kielelezo chochote cha darasani kionjwe.