Nani anatenda? Umbo la kitenzi katika kurasa za mwongozo za mstari wa amri

1. Utangulizi

Anayetumia kompyuta kupitia mstari wa amri anaijua amri man. Ukiandika man ls, mwongozo wa ls unafunguka palepale, hata kama intaneti haipo. Kurasa hizi ni za zamani. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, la Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs huko Marekani, lina tarehe ya 3 Novemba 1971, na vichwa vyake NAME, SYNOPSIS, DESCRIPTION na BUGS tunavitumia hadi leo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, ukurasa wa mwongozo ni aina ya matini yenye sarufi yake. Makala hii inaeleza namna ya kuuandika kwa Kiswahili na kutetea kanuni moja: umbo la kitenzi lionyeshe nani anatenda, programu au msomaji.

2. Kosa lililotufundisha

Mwaka jana kikundi chetu kilikuwa kinarekodi hadithi za Kisanga. Kila jioni tulinakili rekodi kutoka kompyuta ndogo hadi diski ya nje kwa amri rsync. Mimi ndiye niliyeandika karatasi ya maelezo. Mbele ya chaguo --delete niliandika: «futa mafaili ya ziada».

Nilitaka kusema kwamba rsync inafuta, kwenye diski ya nje, kila faili lisilokuwepo kwenye kompyuta. Mwenzetu mmoja alisoma kile nilichoandika: ameagizwa kufuta. Akafuta kwenye kompyuta rekodi alizoziona zimekwisha nakiliwa, kisha akaendesha amri. Programu ikafanya kazi yake, ikazifuta na kwenye diski. Tulipoteza hadithi kumi na moja. Yeye hakukosea kusoma. Kosa lilikuwa katika kitenzi changu.

3. Mifupa ya ukurasa

Ukurasa wa mwongozo ni faili la maandishi matupu. Mstari unaoanza na nukta ni agizo kwa programu ya kupanga maandishi. Mistari mingine ni maandishi yenyewe. Huu ni mwanzo wa ukurasa wa programu yetu ndogo, nakilirekodi, iliyochukua nafasi ya ile karatasi:

.TH NAKILIREKODI 1
.SH NAME
nakilirekodi \- kunakili rekodi za uwanjani kwenye diski ya nje
.SH SYNOPSIS
.B nakilirekodi
[\fB\-f\fR] \fICHANZO\fR \fIMWISHO\fR
.SH DESCRIPTION
Hunakili kila rekodi iliyomo katika
.I CHANZO
na kuiweka katika
.IR MWISHO .
.TP
.B \-f
Hufuta katika MWISHO kila rekodi isiyokuwepo katika CHANZO.
Hakikisha kwanza kwamba CHANZO kimekamilika.

Agizo .TH hutaja jina la ukurasa na sehemu yake. Sehemu ya 1 ni ya amri za watumiaji, ya 3 ni ya maktaba za waandika programu. Ndiyo maana man 1 printf na man 3 printf hufungua kurasa mbili tofauti. Agizo .SH huweka kichwa, .PP huanza aya, na .TP huweka chaguo pamoja na maelezo yake. Herufi nzito ni za maneno yanayoandikwa kama yalivyo. Herufi za mlazo, ambazo terminali nyingi huonyesha kwa mstari chini yake, ni za maneno ambayo msomaji anaweka yake. Mabano ya mraba yanasema: si lazima.

4. Maumbo matatu, watendaji wawili

Kiingereza hutumia umbo tupu, list, ambalo laweza kuwa amri au lisiwe. Wafasiri wa Kifaransa waliandika afficher, kitenzi-jina. Kwetu umbo tupu «orodhesha» ni amri kwa anayeambiwa, na anayeambiwa ni msomaji. Kwa hiyo ninapendekeza:

a) Mstari wa NAME: kitenzi-jina (kunakili). Hapa tunataja kazi tu.
b) Maelezo ya programu na machaguo yake: hu- (hunakili, hufuta). Mtendaji ni programu.
c) Amri (hakikisha, andika): pale tu msomaji mwenyewe anapotakiwa kutenda.

Mtu atasema kwamba hu- ni ya shuleni, na kwamba Lubumbashi tunasema «inafutaka». Ni kweli. Lakini hu- inaeleweka na msomaji wa Kalemie na wa Dodoma vilevile, tena haihitaji kiambishi cha nafsi, hivyo hatubishani kuhusu ngeli ya ls. Ukurasa wa kikundi kimoja ukiandikwa «inafutaka», kanuni haijavunjwa: mtendaji bado anajulikana.

Kitenzi pekee hakitoshi. Mahali pia pasemwe. «Mafaili ya ziada» hayasemi ni ya ziada wapi. «Katika MWISHO» na «katika CHANZO» ndiyo maneno ambayo yangeokoa zile hadithi.

5. Mitego ya kuandika Kiswahili

Utafutaji. Amri apropos husoma mstari wa NAME. Kwa kawaida hutafuta hata ndani ya neno, hivyo apropos nakili huipata kunakili. Ukiongeza -e, inataka neno zima na haitaipata. Mstari huo lazima uwe na \- kati ya jina na maelezo. Ukitaka kuandika JINA badala ya NAME, upime ukurasa kwanza kwa amri lexgrog: kichwa isichokijua hakiingii katika orodha ya utafutaji.

Kukata maneno. Bila kuambiwa lugha, groff hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Silabi zetu huishia kwa irabu, na mb au nd huenda pamoja: ku-ta-mbu-a. Andika .nh baada ya .TH, na maneno hayatakatwa.

Alama ya ng'. Ndani ya neno haina shida. Lakini mstari ukianza na alama hiyo, au na nukta kama ya .bashrc, utachukuliwa kuwa agizo na huenda ukapotea. Tanguliza \&.

Mwishoni, soma matokeo kwa man -l ./nakilirekodi.1.

6. Hitimisho

Mpe ukurasa mtu ambaye hajawahi kutumia programu, na umwombe aseme kila kitenzi ni kazi ya nani. Akisita, rekebisha kitenzi hicho. Tulifanya hivyo na ukurasa wetu kabla ya kurudi uwanjani, na mwenzetu yule ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Sentensi ya mwisho chini ya -f, «Hakikisha kwanza», ni yeye aliyetuambia tuiongeze.