Mwambieni Daktari Kwamba Alianguka

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Binti wa shangazi yako alianza na homa na kichwa, juma moja baadaye halali, anasikia sauti, anadai jirani anamtilia sumu. Halafu kule mwishoni unataja, kama jambo dogo, kwamba usiku mmoja alianguka, akakakamaa, povu likamtoka. Daktari hamkumwambia, maana mama yake hataki mwanawe aitwe mwenye kifafa. Hapo nilitamani nikufinye sikio!

Sikulaumu sana. Aibu imetufanya wengi tuseme nusu. Ila mficha maradhi, kilio humuumbua.

Sikiliza. Wapo wagonjwa, si wengi, ambao akili huvurugika kwa sababu kinga ya mwili, hii hii inayotulinda, imegeuka kuushambulia ubongo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2007 Dakta Josep Dalmau na wenzake huko Marekani waliueleza ugonjwa wa namna hii kwa wanawake 12 wenye uvimbe, karibu wote kwenye ovari. Baadaye ukaonekana hata kwa wasio na uvimbe, wanaume na watoto pia.

Susannah Cahalan, mwandishi wa gazeti huko New York, ugonjwa huu ulimpata mwaka 2009 akiwa na miaka 24. Alianza kwa kushikilia kwamba nyumba yake ina kunguni, kisha akaanza kuwashuku watu, akaanguka. Kuna aliyesema ni pombe tu. Dakta Souhel Najjar akampa karatasi, akamwambia achore saa. Binti akazisonga namba zote, 1 hadi 12, upande wa kulia. Kushoto kukabaki kweupe. Ndipo daktari akajua ubongo umevimba upande wa kulia. Akapewa dawa za kuituliza kinga, akapona, akarudi kazini.

Sasa usikimbilie kusema na huyu wenu ana ugonjwa huo. Wengi wanaorukwa na akili hawana ugonjwa huu, na dawa alizopewa msimwachishe kwa sababu mimi nimeandika. Na kwetu malaria, kaswende na virusi vya ukimwi navyo huvuruga akili, lazima vipimwe. Lakini akili ikichafuka ghafla, pamoja na homa, kuanguka, kusahau, mdomo kujichezesha wenyewe au kauli kupotea, daktari anatakiwa apate habari yote, ili aamue kama apime na maji ya uti wa mgongo. Matibabu yakiwahi, wengi hupona, ingawa huchukua miezi, hata miaka.

Basi kaa na shangazi leo, taratibu, usimgombeze, anaogopa huyo. Andikeni kwenye daftari: homa ilianza siku gani, usingizi ulikatika lini, alianguka mara ngapi, mkono upi ulitangulia kurukaruka. Na ile video ya kuanguka kwake aliyoirekodi kaka yako kwa simu, ambayo shangazi anataka ifutwe, msiifute. Kesho mpelekee daktari aione.