Paka dume akishindwa kukojoa, usingoje kesho

Mdogo wangu wa Manyatta, Kisumu, ujumbe wako ulinikata maini. Paka wako dume anaingia kwenye beseni la mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka bila kitu, na jirani amekushauri umpe mafuta ya nyonyo kwa sababu eti amefunga choo. Nilikupigia simu palepale na tukaongea. Haya nawaandikia wenzako, kuanzia Dunga hadi Usenge.

Nami nilikosea vivyo hivyo. Nikiishi Nyalenda nilikuwa na dume la rangi ya chungwa. Ijumaa jioni alianza kuchuchumaa kila kona. Nikaenda agroveti, nikauziwa vidonge vya antibiotiki, nikarudi nimeridhika. Jumamosi alitapika, akajificha chini ya kitanda. Jumapili nikamkuta amekufa. Baadaye nilimsimulia daktari wa mifugo, naye akaniuliza swali moja tu: mara ya mwisho alikojoa lini? Sikuwa na jibu.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mrefu na mwembamba sana, hasa karibu na ncha. Ute, chembechembe ngumu kama mchanga au kijiwe kidogo hutosha kuuziba. Wa jike ni mfupi na mpana zaidi, ndiyo maana shida hii humpata kwa nadra. Mkojo ukizibwa, kibofu hujaa na kuwa kigumu kama chungwa, figo hushindwa kazi, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo husimama. Hayo yote huweza kutokea ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ukimwona anajikamua, anajilamba sehemu za siri bila kuacha, au anatoa matone yenye damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usimbonyeze tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Usimpe panadol, hata kipande: paracetamol huua paka.

Tatizo letu huku ziwani ni kwamba madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na kuku. Kabla ya kupanda boda, piga simu uulize wazi: "Mnaweza kumwekea paka dume katheta leo?" (ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo). Wakisema hawawezi, waombe wakuelekeze kwa anayeweza. Muuza dawa dukani si lazima awe daktari. Daktari wa mifugo husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kumuuliza namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Atampa paka dawa ya usingizi, atazibua mrija, atamwekea dripu, na huenda akabaki naye siku kadhaa. Gharama si ndogo, kwa hivyo zungumzieni pesa mapema, bila aibu.

Sasa tuje kwenye chakula, hasa omena, yaani dagaa. Najua paka wa Kisumu amelelewa kwa omena kavu kutoka soko la Kibuye, na sikuambii umnyime. Lakini samaki yule huliwa na mifupa na kichwa, kwa hiyo ana madini mengi, na akiwa mkavu hamletei paka tone la maji. Paka naye kwa asili hanywi sana. Mkojo huwa mzito na chembechembe hujijenga. Mchemshie, umpe na mchuzi wake mwingi, bila chumvi na bila kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake. Mchanganyie vyakula vingine pia. Bakuli la maji liwe safi kila siku, mbali na beseni lake la mchanga.

Wewe wa Manyatta, paka aliyezibwa mkojo mara moja huzibwa tena kwa urahisi. Akirudi nyumbani kutoka kwa daktari, kagua mchanga asubuhi na jioni uone palipolowa. Ukiukuta mkavu naye anachuchumaa, usinipigie mimi kwanza. Mpigie daktari, ukiwa njiani.