Majina ya Mahali Kajiado kama Data ya Utangulizi wa Isimu

Utangulizi

Somo la utangulizi wa isimu humtaka mwanafunzi aichunguze lugha jinsi ilivyo. Hata hivyo, mifano mingi ya darasani hutoka katika Kiingereza na Kiswahili sanifu, lugha ambazo mwanafunzi amefundishwa kanuni zake tangu shule ya msingi. Matokeo yake ni kwamba hukariri fasili ya mofimu pasipo kuitafuta mofimu yenyewe. Makala haya yanadai kwamba barabara itokayo Kitengela, kupitia Isinya na mji wa Kajiado hadi Namanga, ina data ya kumfunza kazi hiyo, kwa kuwa majina mengi ya eneo hilo na ya jirani zake yana asili ya Kimaasai.

Kutambua mofimu

Zingatia data ifuatayo:

(a) Oldoinyo Orok: mlima mweusi
(b) Oldoinyo Oibor: mlima mweupe
(c) Enkare Narok: maji meusi
(d) Enkare Nairobi: maji baridi

Jina (a) ni la mlima ulio Namanga, na (b) ni jina la Kimaasai la Kilimanjaro. Majina (c) na (d) ndiyo asili ya Narok na Nairobi. Ukilinganisha (a) na (b), -rok na -ibor hujitenga zenyewe kama mizizi ya sifa. Ukilinganisha (a) na (c), mzizi ni uleule, lakini hutanguliwa na o- katika mfano wa kwanza na na- katika wa pili. Sababu imo katika nomino. Oldoinyo ina kiambishi ol- cha jinsia ya kiume, ilhali enkare ina kiambishi cha jinsia ya kike, ambacho huwa enk- mbele ya vokali. Neno la sifa hupatana na nomino yake.

Hapo ndipo jina Nairobi linapofunza jambo kubwa. Nomino enkare imedondoshwa, lakini na- imebaki. Kila alitajaye jiji hilo hutamka upatanisho wa kisarufi na neno lisilokuwapo. Kajiado nayo imetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu: keju ni mto, -ado ni refu. Hapa nomino imebaki, ila imepoteza kiambishi chake ol-.

Ulinganisho na Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangazwa na upatanisho huu, kwani husema mlima mweusi na maji meusi. Atakuta pia kwamba Kimaasai hutofautisha enkalem (kisu) na olalem (upanga) kwa kubadilisha kiambishi cha jinsia, kama Kiswahili kinavyotofautisha kisu na jisu. Katika lugha zote mbili, kiambishi cha nomino huweza kubeba maana ya ukubwa na udogo.

Je, kufanana huku ni ushahidi wa udugu? La. Mwaka 1912, Carl Meinhof aliiweka Kimaasai katika kundi aliloliita la Kihamiti, na kuwapo kwa jinsia ya kisarufi kulikuwa miongoni mwa hoja zake. Joseph Greenberg alilipinga kundi hilo. Katika uainishaji wake wa mwaka 1963, Kimaasai ni lugha ya Kinailoti katika familia ya Nailo-Sahara, na Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika Naijeri-Kongo. Udugu wa lugha huthibitishwa kwa kulinganisha maumbo pamoja na maana zake. Muundo unaofanana hautoshi.

Mipaka ya data

Majina yaliyoandikwa hayaonyeshi toni. Sarufi ya A. N. Tucker na John Tompo Ole Mpaayei ya mwaka 1955 ilieleza jinsi Kimaasai kinavyotofautisha kiima na yambwa kwa toni. Anayesoma vibao vya barabarani tu, bila kumsikiliza mzungumzaji, ataipata mofolojia na kuikosa sehemu kubwa ya fonolojia. Maandishi si lugha.

Hitimisho

Kitengela ni mji unaokua kwa kasi, wenye wakazi wa lugha nyingi, na majina hubadilika vinywani mwa wageni. Kiambishi kikishadondoka, ushahidi wake hubaki kwa wazee wachache. Zaidi ya hayo, mwanafunzi Mmaasai anayefika chuo kikuu akidhani kwamba sarufi ni mali ya lugha za vitabuni huwa amenyimwa msingi wa kwanza wa isimu: kila lugha ina mfumo. Inapendekezwa kwamba wahadhiri watoe zoezi la kukusanya majina ya mahali kwa msaada wa wazungumzaji, kuyarekodi yakitamkwa, na ndipo kuyachanganua. Swali la kuanzia lipo tayari: ikiwa mlima ni Oldoinyo Orok, kwa nini o- ya upatanisho haionekani katika Olkejuado?