KILEMBE: NAMNA YA KUTEMBELEA MJI MDOGO WA MLIMANI



Nyuma ya vakansi ya Pasaka wengi walituuliza: "Mulifanya nini siku tatu kule Kilembe? Ni mji gani ule? Stade hakuna, magorofa hakuna, soko ni dogo." Swali hili ni la haki. Sisi wenyewe tulijiuliza vile siku ya kwanza. Tulitoka hapa na wazo moja tu: kupanda kidogo, kupiga foto mbele ya mlima, na kurudi kujisifu. Tulirudi na wazo lingine. Basi tumeona vema kuandika somo hili, ili klasi itakayotufuata isianze kwa kosa tulilolianza sisi.

Somo lenyewe ni hili: ukifika mu mji mdogo wa mlimani, anza kwa mto wake. Ukiujua mto, utaelewa mlima, kazi ya watu na shida zao. Usipoujua, utaona mawe tu.

I. KILEMBE IKO WAPI?

Kilembe iko Uganda, mu wilaya ya Kasese, kama kilomita 10 toka mji wa Kasese. Imekaa ndani ya bonde jembamba, chini ya milima ya Ruwenzori. Mto Nyamwamba unapita katikati yake. Nyumba ziko huku na huku ya mto, juu nafasi nyingine hakuna.

Sisi wa upande wa Congo tunaona jua likitoka nyuma ya Ruwenzori. Wao wanaliona likizama nyuma yake. Mlima ni mmoja, kama nyumba yenye milango miwili. Hata watu ni wa ukoo mmoja: Wakonzo wa kule na Wanande wa hapa wanasikilizana kwa lugha. Mwenzetu mmoja aliyeogopa kwamba hajui Kiingereza alisalimia mu Kinande, na akajibiwa kama mtoto wa nyumbani.

Wengi mu klasi wanafikiri kwamba Ruwenzori ni volkano, sawa Nyiragongo. Hapana. Ruwenzori ni kipande kikubwa cha mawe ya zamani sana, kilichosukumwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kufanya lile bonde kubwa la ufa. Kilele chake, Margherita, kina metre 5.109. Ni cha tatu kwa urefu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mwitalia Luigi Amedeo, mtemi wa Abruzzi, pamoja na wenzake, alikifikia tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1906. Lakini hakupanda kwa nguvu yake peke yake. Watu wengi walimubebea mizigo, na majina yao hayakuandikwa ku vilele.

II. MBELE YA KUONDOKA

Kwanza, uliza habari ya njia. Usiulize mtu mmoja, uliza wengi, na uulize asubuhi ile ile ya safari. Njia ya Kasindi si njia ya mchezo. Kama wakubwa wanasema "mungoje", mungoje. Sisi tuliahirisha safari mara mbili, na wengine walinung'unika. Afadhali manung'uniko kuliko machozi.

Pili, karatasi za kupita mpaka ziwe tayari kwa kila mwanafunzi. Musizitafute pale ku barriere.

Tatu, beba nguo ya baridi, nguo ya mvua, viatu vyenye kushika vizuri, kaye na biki. Tuliona wenzetu walioleta nguo za fête tatu na hakuna hata koti moja. Usiku walituomba blanketi.

Ukivuka mpaka unafika Mpondwe. Pale, usiku wa tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2023, watu wenye silaha waliingia ku shule ya secondary na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi sawa sisi. Tulipofika pale mwalimu alituomba tunyamaze kidogo. Tunaomba kila kikundi kifanye vile. Hatupiti pale kama watalii.

III. MAMBO YA KUFANYA KULE

1. Salimia kwanza. Mji mdogo unajua mgeni mara moja. Pita kwa wakubwa wa pale, sema munatoka wapi na munatafuta nini. Usipige mtu foto kama hujamuomba. Mama mwenye kufua nguo si picha ya ukutani. Yeye iko ku kazi yake.

2. Tembea kando ya mto, lakini ku njia. Hapa tunaungama kosa letu.

Siku ya pili, saa nane ya mchana, mwalimu aliingia kusalimia watu na kutuachia wadogo kumi na mmoja. Alisema: "Mungoje ku njia." Jua lilikuwa kali, maji yalikuwa meupe na kidogo, mawe makubwa yalikauka. Wadogo waliomba kushuka kuosha miguu na kupiga foto. Sisi, kapita, tuliwaruhusu. Tulijiambia: maji hayafiki hata ku magoti.

Mama mmoja alikuwa akikusanya nguo zake toka ku mawe, na nyingine zilikuwa bado na maji. Alipotuona aliita: "Watoto wangu, mutoke mu mto! Mutoke sasa!" Wengine walicheka, juu mbingu ilikuwa safi. Yeye hakucheka. Alinyosha mkono kule juu, ku kichwa cha bonde. Kule ilikuwa nyeusi kabisa.

Tulianza kuwatoa mmoja mmoja. Mtoto wa klasi ya pili alirudi kutafuta kiatu chake. Tulimushika mkono na kumuvuta kwa nguvu, akalia. Muda wa kusonga bugali haukupita, maji yaligeuka kama chai ya maziwa, na tulisikia mawe yakigongana chini yake. Lile jiwe alilokalia halikuonekana tena. Kiatu kilienda. Mtoto alibaki.

Tulimushukuru mama yule. Alijibu pole pole: "Mu 2020 mto haukungoja mtu avae viatu." Kisha akachukua beseni lake na kwenda.

Jioni tulimweleza mwalimu yote. Tunaandika jambo hili wazi mu gazeti, sababu kapita akificha kosa lake, wadogo watalirudia.

3. Angalia kazi ya maji. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 2013 Nyamwamba ulijaa na kuchukua watu, manyumba na madaraja. Mwezi wa 5 mwaka 2020 ulirudia. Hospitali ya Kilembe nayo iliharibiwa. Ukitembea utaona mawe makubwa kama gari yakikaa mahali ambapo palikuwa nyumba. Usiyapande kwa kucheza. Muulize mzee wa pale: "Maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa mkono, na utaelewa kuliko kitabu.

Kwa nini mto mdogo unafanya vile? Sababu njia yake ni fupi na mteremko ni mkali. Maji yanatoka juu sana, mu baridi, na kwa kilomita chache tu yanafika chini ku joto. Mvua ikipiga kule juu, hakuna uwanda wa kuyapunguzia mbio. Na pale ambapo moto umechoma majani ao watu wamekata miti, udongo haushiki maji tena. Kwa hiyo jua la mjini si ushuhuda wa mvua ya mlimani. Maneno haya muyaandike mu kaye.

4. Jifunze habari ya shaba. Kilembe ilikuwa mji wa machimbo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ilianza kupelekwa Jinja, mbali sana, kuyeyushwa kwa umeme wa mto Nile. Kazi iliendelea mpaka karibu mwaka 1982, kisha ikasimama. Kampuni lilikuwa limejenga nyumba za wafanyakazi. Kazi ilipokufa, watu hawakufa. Walibaki, wakalima, wakachuuza, wakafundisha, wakatunza wagonjwa.

Ndani ya mawe yale mulikuwa tena kobalti. Toka mwaka 1999 kiwanda kimoja cha Kasese kiliitoa mu chungu za zamani kwa kutumia bakteria, ni kusema vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye kuvunja jiwe pole pole. Kiwanda kile nacho kilifungwa mu miaka ya 2010. Wapenzi wa kemia, hapa muko na kazi ya kuuliza.

Angalisho mbili. Usiingie mu matundu ya zamani ya machimbo bila kiongozi na ruhusa. Na usinywe maji ya mto: mvua inaosha chungu za mabaki ya machimbo na kushusha metali ndani yake. Maji meupe si lazima maji safi.

5. Panda kidogo, na kiongozi. Kufika Margherita kwa njia ya Kilembe kunaomba kama juma nzima, franga nyingi, na vyombo vya kutembelea ku barafu. Hiyo si safari ya wanafunzi. Lakini nusu siku ku vilima vya mbele ya park inatosha kuona mengi. Park ya kule iliwekwa mwaka 1991, na mwaka 1994 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Kuingia kunalipwa, na kiongozi ni lazima.

Mu njia utaona mashamba ya kahawa arabika, migomba na maharagi. Juu yake ni pori kubwa. Nyuma ya metre kama 2.500 inaanza mianzi. Nyuma ya 3.000 kuna vichaka virefu vyenye kuvaa ndevu za kijani. Na karibu na 4.000 mimea ya ajabu, lobelia na senesio, inakuwa mirefu kupita mtu. Sisi hatukufika kule. Kiongozi alituonyesha kwa kidole na kutueleza.

Alituambia tena habari ya barafu. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilomita za mraba 7. Leo haifiki hata 1. Dunia inapata joto, barafu inaisha. Sisi tunaosoma jeografia tuko kizazi cha kuiona ikienda.

6. Nunua kitu cha pale. Kama unakula mkate uliobeba toka nyumbani na kunywa maji uliyobeba, mji unapata nini toka kwako? Takataka tu. Nunua kahawa, ndizi, chai ya mama wa njiani. Lipa bei ya kweli, usibishane kwa shilingi ndogo na mtu aliyepoteza nyumba mara mbili. Na makaratasi yako urudi nayo.

IV. MAJI YALE YANAENDA WAPI?

Jioni ya mwisho mwalimu alichora karte chini, kwa fimbo. Nyamwamba unashuka mpaka ku ziwa George. Ziwa George linatoa maji yake kwa mfereji wa Kazinga, mpaka ku ziwa Edouard. Wote tulinyamaza. Ziwa Edouard ni lile la Vitshumbi na Kyavinyonge, linalotupatia samaki! Toka pale maji yanatoka kwa mto Semliki, yanapita ku upande wetu wa Ruwenzori, yanaingia ku ziwa Albert, na mwisho yanakuwa Nile.

Ni kusema maji ya Kilembe yanazunguka mlima na kutufikia nyumbani. Metali inayooshwa kule, plastiki inayotupwa kule, miti inayokatwa kule, si habari ya watu wa kule peke yao. Na mito yetu, Lume na Butahu, inaingia ku Semliki ile ile. Tunachotupa sisi, wengine wa chini wanakipokea. Mpaka wa nchi unasimamisha watu na kuomba karatasi. Maji hayaombwi karatasi.

V. MWISHO

Basi, yule aliyetuuliza "mulifanya nini?" tunamujibu: tulisalimia, tulisikiliza, tulikosa, tulikombolewa na mama tusiyejua jina lake, na tulirudi tukijua mto wetu zaidi. Foto tuliyopiga ni moja tu, tena mbaya, juu ya mvua.

Maswali ya kujibu mu klasi:

1. Kwa nini Ruwenzori si volkano?
2. Eleza njia ya maji toka Nyamwamba mpaka Nile.
3. Jua likiwaka mjini, ni alama gani zinaweza kukuonya kwamba mto utajaa?
4. Machimbo yakifungwa, mji unaishi kwa nini? Toa mfano wa mji mmoja wa kwetu.
5. Karibu na masomo yetu kuna kijito. Kinatoka wapi, kinaenda wapi, na sisi tunatupa nini ndani yake?

Swali la tano, tunaomba kila klasi ilijibu kwa miguu, si kwa biki tu. Siku ya posho saa tatu tutaonana ku daraja. Mulete majembe na mifuko ya takataka. Na wadogo wote wabaki ku njia mpaka tuseme.

Kapita wa wanafunzi, klasi ya sita